Ukuta wa Nakoyan

Jumatatu ya tarehe kumi na moja Februari, mwaka 2013, Ereng alibandika tangazo kwenye ubao wa baraza la mji wa Nakoyan, akarudi nyuma hatua mbili kuona kama limekaa sawa. Lilikuwa limekaa sawa. Kasoro ilikuwa tarehe. Juu kabisa, pembeni mwa muhuri, paliandikwa tarehe ishirini na nane Januari.

Nakoyan ni mji mdogo kwenye barabara ya Lodwar kwenda Kakuma, na Ereng alikuwa tarishi wa baraza lake kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa amebandika matangazo ya chanjo ya mbuzi, ya kodi ya vibanda, ya kufungwa kwa kichinjio. Hili lilikuwa la kwanza kuzeeka kabla halijaona jua. Aliingia ofisini kwa karani wa baraza, Bwana Omollo, akasimama mlangoni hadi alipoonekana.

"Mzee, ile tangazo iko na makosa kidogo. Tarehe."

"Haina makosa." Omollo alisukuma daftari mezani bila kuinua kichwa. "Weka sahihi hapo. Ilibandikwa tarehe ishirini na nane."

"Lakini mimi nimebandika saa hii."

"Ereng." Karani alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu. Alitoka kwao Ahero akiambiwa atakaa Turkana miaka miwili, na huu ulikuwa wa sita. "Ijumaa ni kikao cha mwisho. Mwezi ujao ni uchaguzi, baraza linakufa, kaunti inaingia. Mimi nafunga mafaili. Na kuna faili moja hapa la majina ya wafanyakazi watakaopokelewa na kaunti. Nalipeleka Lodwar wiki ijayo. Jina lako unataka liende ama libaki?"

Ereng aliweka sahihi. Aliweka upesi, bila kuuliza tena, na hilo ndilo lililomuudhi baadaye.

Kisha akapewa ramani aitundike ukumbini kwa ajili ya Ijumaa. Aliikunjua peke yake, akaibana kwa misumari, akaanza kuisoma kama alivyozoea kusoma kila kitu kilichopita mikononi mwake. Nyumba sitini za mawe, za Bwana Morgan, kijana wa hapo hapo aliyetajirika kwa malori. Zilipangwa safu sita kwenye uwanda wa mchanga, kati ya barabara na laga, ule mto unaokaa mkavu mwaka mzima hadi mvua inyeshe milimani. Na kando ya laga, kutoka mwanzo wa uwanda hadi mwisho, ulichorwa mstari mweusi mnene. Ukuta.

Ng'ambo ya laga, mchoraji hakuchora kitu. Aliacha peupe. Ereng aliweka kidole kwenye ile sehemu nyeupe, akakipeleka polepole hadi pale ambapo nyumba yake ingekuwa.

*

Mkewe, Akuwam, alikuwa amekaa kivulini akishona mkeka wa majani ya mkoma. Huko ng'ambo wajenzi wa nyumba ni wanawake, na katika nyumba arobaini zilizokuwa huko, zaidi ya nusu zilipita mikononi mwake. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho bila kuacha kushona.

"Umeweka sahihi?"

"Nimeweka."

Akuwam alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Basi imeshawekwa. Hiyo tuache. Ukuta ni mrefu namna gani?"

"Kutoka kwa daraja mpaka kwa kisima."

Akuwam aliweka mkeka chini. Mwaka wa mvua kubwa za Elnino, wakati laga ilipofunguka na kutoa mkono wa pili, maji yalipita katika uwanda ule ule, yakachukua nyumba ya dada yake Akoru na watoto wake wawili. Walipatikana siku ya tatu. Tangu hapo hakuna mtu wa Nakoyan aliyejenga pale, na ndiyo maana uwanda ulikuwa mtupu, na ndiyo maana Bwana Morgan alipewa kwa urahisi.

"Maji ikinyimwa njia pale, itakuja huku," alisema. "Huku kuna watu. Si lazima tungoje tuone."

"Tangazo inasema mtu akitaka kupinga aandike. Siku kumi na nne."

"Tuandike."

"Zimeisha leo saa kumi na moja jioni." Ereng alitazama simu yake. "Saa hii ni kumi na moja na nusu."

Akuwam alicheka, cheko fupi la puani. Ereng hakucheka. Alikuwa anafikiria binti yao Amuria, kidato cha tatu, bweni, Lodwar.

"Mama Amuria, ukienda kusema, watajua ni mimi nimekuambia."

"Watajua. Kwani watu hawajui uko na bibi?"

"Jina langu litatolewa kwa ile orodha."

"Inaweza kutolewa." Hakumdanganya. "Hizo nyumba zinanunuliwa na nani?"

"Watu wa Kakuma. Manesi, madereva, watu wa mashirika. Barua zao nachukua mimi posta."

"Basi Jumatano," alisema Akuwam, akaokota mkeka wake. "Jumatano ni siku yangu ya Kakuma."

*

Kwenye lango la mashirika, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mlinzi alimweka Akuwam juani pamoja na furushi lake la mikeka, ingawa kibanda chake kilikuwa na kivuli cha watu wanne. Watumishi waliingia na kutoka na kadi zao shingoni. Mara mbili Akuwam aliomba Sista Chelangat aitwe, na mara mbili mlinzi akajibu, "Ngoja, mama, hapa si soko." Mara ya tatu alikunjua mkeka mmoja katikati ya njia ya magari, akaketi juu yake, miguu ameinyoosha. Chelangat aliitwa.

Alikuwa nesi kutoka Bomet, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita majina mbele ya foleni.

"Ejok, Mama Amuria," alisalimia kwa Kiturkana. "Lakini mikeka nilinunua mwezi jana."

"Ejok, Sista. Leo si mikeka. Wewe umenunua nyumba Nakoyan?"

Uso wa Chelangat ulifunguka. "Namba kumi na nne! Nani amekuambia? Miaka saba nalala kwa chumba cha mabati, mama. Sasa nitakuwa na mlango wangu."

Ilikuwa vigumu kuendelea, lakini Akuwam aliendelea. Alieleza mkono wa pili wa laga. Alimtaja Akoru na watoto, mara moja tu, bila kupandisha sauti. Alieleza ukuta, tangazo lenye tarehe ya uongo, na kikao cha Ijumaa.

Chelangat alikuwa amekunja mikono. "Kwa hivyo unataka nikose nyumba."

"Nataka upate. Lakini si pale."

"Mama, nimelipa. Nimechukua mkopo wa sacco. Hao wako na injinia, wako na ramani na mihuri. Wewe uko na nini?"

"Mimi niliona maji."

Chelangat alikuwa mtu wa haki, na watu wa haki hukasirika kabla ya kukubali. Alimwambia amfuate. Walitembea hadi ukingoni mwa kambi, ambako Mkongo mmoja aitwaye Onésphore alikuwa akifyatua matofali ya simenti. Chelangat alimfahamu kliniki. Alijua pia kwamba Bwana Morgan alimpa kazi ya matofali, na kwamba alipelekwa Nakoyan siku mbili kwa kibali kuchimba msingi wa nyumba ya mfano.

"Onésphore, ule msingi uliufikisha wapi?"

Fundi alimtazama yeye, kisha Akuwam, kisha matofali yake yaliyopangwa kukauka, ambayo yote yalikuwa ya Morgan.

"Sista, unataka kuniondolea kazi?"

"Nataka kujua nitalala juu ya nini."

Akafuta mikono kwenye suruali. "Miye nilichimbaka metre mbili. Sikupata udongo. Ni muchanga tu, muchanga wa mutoni, na mizizi. Njo nikauliza patron Morgan: tunasimamisha nyumba juu ya nini? Akasema, tia simenti mingi." Akamgeukia Akuwam. "Mama anasema kweli. Lakini miye siwezi kufika kwa mukutano. Bila karatasi ya kutoka kambini watanikamata njiani."

"Si lazima ufike," Chelangat alisema. Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ile ya foleni. "Ijumaa ni saa ngapi, Mama Amuria?"

*

Ukumbi wa baraza ulikuwa na paa la mabati na feni moja iliyozunguka ilipotaka. Madiwani wanane walikaa mezani. Mwenyekiti alikuwa Mzee Longor, ambaye picha zake za kuomba kiti katika bunge jipya la kaunti zilikuwa zimebandikwa kwenye kila mti wa mji. Bwana Morgan alikaa pembeni, shati lake limepigwa pasi, simu mbili mbele yake. Ereng alikuwa akigawa soda.

Akuwam na majirani zake waliketi kwenye benchi za nyuma. Chelangat alifika na wenzake watatu, vumbi la barabara bado nyusini, wakakaa mbele yao.

Omollo alisoma kwa Kiingereza, haraka, mambo manne yaliyopita bila mtu kuuliza. La tano alilisoma haraka zaidi, kisha akalifupisha kwa Kiswahili: "Nyumba sitini. Tangazo lilibandikwa tarehe ishirini na nane Januari. Siku kumi na nne zimekwisha. Hakuna pingamizi lililopokelewa."

"Wanaokubali?" aliuliza Mzee Longor.

Chelangat alisimama. "Mwenyekiti, mimi ni mnunuzi wa namba kumi na nne. Naomba kuuliza."

"Wananchi hawaongei katika kikao, Sista."

"Sitaongea. Nitauliza tu. Hilo tangazo nani aliliona Januari? Mmoja tu. Ainue mkono."

Feni ilisimama. Hakuna aliyeinua mkono. Madiwani walitazama soda zao. Omollo alifungua daftari, akaligeuza kuelekea kwa mwenyekiti. "Imeandikwa hapa na sahihi ipo. Ya tarishi."

Wote walimgeukia Ereng. Alikuwa katikati ya ukumbi, kreti mikononi, chupa tatu zimebaki. Katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumtazama ndani ya ukumbi ule isipokuwa chai ilipochelewa.

"Ereng," Mzee Longor alisema, "hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu, mzee."

"Basi. Tuendelee."

"Sahihi ni yangu," Ereng alisema. "Tarehe si yangu."

Aliweka kreti chini, taratibu, ili chupa zisigongane. "Nilibandika Jumatatu hii, asubuhi. Niliambiwa niandike Januari, nikaandika. Makosa ni yangu pia. Lakini ilikuwa Jumatatu."

"Mwenyekiti!" Morgan alisimama. "Tunasimamisha maendeleo ya mji mzima kwa maneno ya mtu wa chai?"

Benchi za nyuma zikaguna. Akuwam hakuguna. Alipita kati ya viti, akafika kwenye ramani ukutani, na kwa kuwa hakuomba ruhusa, hakuna aliyejua namna ya kumnyima.

"Mimi sikukuja kukataa nyumba," alisema. "Nyumba ni kitu mzuri, hata mimi najenga. Bwana Morgan, hii laini nyeusi ni nini?"

Morgan alisita. "Ni ukuta, mama."

"Ya nini?"

"Ya kuzuia maji."

"Kwa hivyo unajua maji iko."

Mtu mmoja alicheka, kisha ukumbi wote ukacheka, hata diwani aliyekuwa amesinzia. Morgan alikaa. Akuwam alingoja wanyamaze.

"Ikigonga ukuta yako, itaenda wapi? Itarudi mlimani?" Aliweka kiganja chake chote kwenye sehemu nyeupe ya ramani. "Itakuja hapa. Hapa hamkuandika kitu, lakini hapa tuko nyumba arobaini. Mwenyekiti unajua. Wiki iliyopita ulikuja kwetu kuomba kura, ukakunywa maziwa."

Mzee Longor alikohoa. Alitazama benchi za nyuma, uso baada ya uso, na kila uso ulikuwa wa mtu mzima mwenye kadi ya kura. Hakuwa jasiri, lakini hesabu hiyo aliiweza.

"Baraza hili halitapitisha jambo hili," alisema. "Karani, andika: limeahirishwa. Kaunti itajua la kufanya." Na kwa kuwa kikao kile kilikuwa cha mwisho, hapakuwa na siku ya kuliahirishia.

*

Omollo alimkuta Ereng nyuma ya ofisi akiosha glasi.

"Ungeniambia," alisema karani. "Ungekuja tu ukaniambia hutaki."

"Nilikuambia, mzee. Nilikuambia tarehe iko na makosa."

Omollo aliondoka. Wiki iliyofuata faili la majina lilipelekwa Lodwar. Ereng hakuombwa alibebe.

Morgan alikuja ng'ambo siku tisa baada ya kikao, na gari lake lilikwama mchangani kabla halijafika. Wanunuzi kumi na wawili wa Kakuma walikuwa wamemwandikia wakitaka pesa zao. Hakusalimia vizuri.

"Haya, mama. Nionyeshe hayo maji yako."

"Shuka," Akuwam alisema. "Maji haionyeshwi kwa dirisha."

Walitembea saa nzima. Alimwonyesha alama kwenye mashina ya mikoma na mahali mchanga ulipobadilika rangi. Mwishowe alimpandisha kwenye mwinuko wa mawe juu ya barabara, na huko Morgan alikaa chini kukung'uta viatu.

"Hapa ni mwamba," alilalamika. "Kuchimba msingi hapa ni gharama maradufu."

"Ndiyo," alisema Akuwam. "Ni mwamba."

Morgan alitazama uwanda kule chini kwa muda. Alizaliwa Nakoyan, mwaka wa Elnino alikuwa shule ya bweni Kitale, na mama yake alimwandikia barua kuhusu msiba ule. "Hapa hazienei sitini," alisema, kama aliyekuwa akijadiliana na mtu asiyekuwepo. "Labda thelathini." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Machi kaunti iliingia, na Ereng akaenda Lodwar kuuliza. Alipanga foleni asubuhi mbili katika ua uliojaa watu wa mabaraza yaliyokufa, kila mmoja na bahasha yake. Afisa aliyeitwa Wangari, mgeni, mwenye homa ya joto la Lodwar, alipitisha kalamu kwenye orodha ya Nakoyan mara mbili.

"Ereng hayupo."

"Nipo," alisema Ereng. "Ni jina ndiyo haipo."

Wangari alimtazama kwa mara ya kwanza. Alimpa karatasi tupu, akamwambia aeleze yote kwa maandishi, tarehe kwa tarehe, na hakuahidi kitu. Ereng aliandika kurasa mbili akiwa amesimama, karatasi ameiweka kwenye mgongo wa mzee wa Lorugum aliyekuwa mbele yake kwenye foleni. Wangari alizigonga muhuri. Tangu hapo Ereng alirudi kila mwezi kuuliza, na kila mwezi akaambiwa barua yake ipo, inaangaliwa.

Aprili ilinyesha milimani huko Loima, na laga ikafunguka. Mkono wa pili ulipita uwandani siku moja na nusu, maji ya kufika magotini. Hayakuua mtu wala mbuzi. Yalipokauka, vigingi ambavyo Morgan alipigilia mwanzoni kupima viwanja havikuonekana tena. Mjini hakuna aliyekuja kumwambia Akuwam lolote, naye hakungoja kuambiwa. Alikuwa na kazi. Kwa kuwa mshahara ulikuwa umekatika na karo ya Amuria haikukatika, alikubali kila nyumba aliyoitwa kujenga, na Ereng akawa anakata miti na kubeba majani ya mkoma begani. Wanaume wa kituo cha pikipiki walimtania wakimwita Mama Ereng kwa mwezi mmoja. Mwezi wa pili mmoja wao alihitaji nyumba, akanyamaza.

Novemba, nyumba kumi za kwanza za Morgan zilikamilika kwenye mwinuko, na Chelangat akapata mlango wake. Siku ya tatu alimtumia Akuwam ujumbe: nyumba ilikuwa nzuri, lakini mchana ilikuwa tanuri. Angeweza kujengewa kivuli mbele ya mlango, cha majani, kama cha ng'ambo?

Akuwam alikuja na mumewe na mzigo wa nguzo. Alitaja bei, na Chelangat alipoanza, "Lakini Mama Amuria, mimi na wewe...", aliitaja tena ile ile. Wakacheka wote wawili. Mwamba ulikuwa mgumu kweli. Shimo la nguzo ya kwanza lilimchukua Ereng asubuhi nzima na mtaimbo, na Chelangat alimletea chai, akamvutia kiti akae kwanza.

"Lodwar wamekujibu?" alimuuliza.

"Bado, Sista. Nitarudi Jumatatu."

Chelangat alimgeukia Akuwam, ambaye alikuwa amesimamisha nguzo ndani ya shimo na kufumba jicho moja kuipima. "Na wasipojibu, mtafanyaje?"

"Kuja hapa," Akuwam alisema. "Shika kwa mikono mbili. Baba Amuria akijaza mawe, itataka kulala upande huo. Usiiachie mpaka nikuambie."

Sista Chelangat alivua viatu vyake, akashika.